Magurudumu Mapana ya Nyuma na Spesa Zake

Wenzangu wengi hapa shuleni hupenda sana habari za motokaa ziendazo kasi. Baada ya chakula cha jioni, kabla ya kengele ya masomo ya usiku, si ajabu kusikia bwenini mabishano makali juu ya gari gani lashinda jingine, na katika makabati ya wengine zimebandikwa picha za magari ambayo magurudumu yake ya nyuma yametoka nje hata yakaupita mwili wa gari. Wengi husema, "Nikimaliza shule na kupata kazi, langu nitalifanya hivyo hivyo." Nataka kueleza, kwa faida ya wanafunzi na hata ya wazazi wenye magari, namna kazi hiyo ifanyikavyo na namna isivyofaa kufanywa. Mengine niliyajua kwa kusoma, mengine niliambiwa na fundi. Lakini lililo kubwa kuliko yote nililijua kwa kosa langu mwenyewe, nalo nitalieleza bila kuficha.

Mjomba wangu akaa Tengeru, kando ya barabara iendayo Moshi. Mwaka huu alinunua Subaru Impreza WRX ya mwaka 2001, iliyokwisha kutumika Japani. Ni gari dogo lenye nguvu nyingi, na watu wa Arusha walijua vyema jina lake. Mashindano yaliyokuja kuitwa Safari Rally yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Na Impreza ilishinda huko Kenya mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns. Basi mjomba alifurahi mno. Lakini hazikupita wiki nyingi akaona kwamba gari lake laonekana jembamba nyuma, akataka lipanuliwe.

Kwanza tuulize: kwa nini magari mengine hutengenezwa na matairi mapana zaidi nyuma? Sababu ni kwamba katika magari hayo nguvu ya injini huenda kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Dereva akikanyaga mafuta kwa ghafula, matairi ya nyuma huvuta barabara kwa kani kubwa, na yakiwa membamba huteleza. Porsche 911, kwa mfano, injini yake imewekwa nyuma kabisa, kwa hiyo uzito mwingi huko nyuma, na watengenezaji wake huipa matairi mapana zaidi nyuma kuliko mbele. Hapo upana una kazi.

Impreza WRX si hivyo. Injini yake iko mbele, na nguvu hugawanywa kwa magurudumu yote manne. Ndiyo maana kiwandani hupewa matairi manne yaliyo sawasawa. Tena inafaa kukumbuka kwamba hata zile gari za mashindano zilizopita katika vumbi na mawe ya Safari hazikuvaa matairi mapana. Zilivaa matairi membamba ya rimu za inchi 15, maana tairi jembamba hukata vumbi lililolegea na kufika kwenye udongo mgumu. Yule amwigaye bingwa kwa kupanua magurudumu hajamwangalia bingwa vizuri.

Mjomba hakuyajua hayo, wala mimi sikuyajua wakati ule. Alinunua rimu mbili pana za nyuma, matairi mawili mapana, na spesa mbili. Spesa ni bamba la chuma au alumini la mviringo, ambalo huwekwa kati ya habu na rimu ili kulisukuma gurudumu nje. Zile zake zilikuwa na unene wa milimita 15. Likizo ya mwezi wa sita ilikuwa imeanza, nami nilikuwa kwake. Tukaenda pamoja gereji.

Kabla sijaendelea na habari hiyo, nieleze jambo moja ambalo bila hilo hakuna atakayeelewa kazi hii, nalo ni ofseti. Chukua rimu, uigawe kwa mawazo katikati ya upana wake, kama mtu akataye mkate vipande viwili vilivyo sawa. Kisha tazama ule uso wa rimu unaogusa habu. Umbali kutoka katikati hadi uso huo ndio ofseti, nayo hupimwa kwa milimita. Ofseti ikiwa kubwa, gurudumu huingia ndani ya gari. Ikipungua, gurudumu hutoka nje.

Rimu za kiwandani za gari la mjomba zimeandikwa kwa nyuma upana wa inchi 7 na ofseti 55. Inchi 7 ni milimita 177.8, na nusu yake ni 88.9. Kwa hiyo kutoka uso wa habu, rimu huingia ndani milimita 88.9 kujumlisha 55, yaani 143.9, na kutoka nje ni 88.9 kutoa 55, yaani 33.9 tu. Zile rimu mpya zilikuwa na upana wa inchi 8 na ofseti 45. Nusu ya inchi 8 ni milimita 101.6, basi kwa ndani ni 146.6 na kwa nje ni 56.6. Yaani rimu mpya, hata bila spesa, ingetoka nje milimita 22.7 zaidi ya ile ya zamani, na kuingia ndani milimita 2.7 tu. Ingekaa vizuri. Spesa ya milimita 15 ililifikisha gurudumu nje milimita 37.7, karibu sentimita nne. Ndugu msomaji, waona kwamba spesa ile haikuwa na kazi yoyote isipokuwa urembo.

Turudi gereji. Fundi alikuwa na haraka, kwa sababu magari mengine yalikuwa yakingoja. Aliinua gari kwa jeki, akatoa magurudumu ya nyuma, akaziweka spesa juu ya habu bila hata kuupangusa uso wake, akapachika rimu mpya. Mimi nikapewa kazi ya kuanzisha nati kwa mkono kabla yeye hajazikaza kwa spana. Asubuhi ile nilikuwa nimemsaidia mjomba kufungua na kufunga gurudumu moja la mbele ili tulikague, na kwa desturi tuliyofundishwa katika maabara ya fizikia nikawa nimehesabu: nati ya mbele ilizunguka mara 17 hata ikafika mwisho. Nikahesabu na za nyuma. Zilizunguka mara 5.

Nilijua kwamba 5 ni chache. Sikujua ubaya wake wote, lakini nilijua. Nikamtazama fundi, nikamtazama mjomba. Walikuwa wakizungumza na kucheka, na mimi ni mtoto mbele yao. Nikasema moyoni kwamba fundi ndiye ajuaye kazi yake. Nikanyamaza.

Siku ya tatu tulikwenda Moshi arusini: mjomba akiendesha, mimi kando yake, mkewe na mtoto wao wa miaka minne viti vya nyuma. Tulipopita Usa River nilisikia mlio nyuma, kok-kok-kok, kama mtu agongaye mlango. Mjomba alidhani ni jiwe lililonasa katika tairi. Tulipokaribia Maji ya Chai alipunguza mwendo kwa ajili ya matuta, na hilo ndilo lililotuokoa. Nyuma ya gari ilidondoka upande wa kushoto kwa kishindo, chuma kikaanza kusaga lami, na mara nikaliona gurudumu letu likitupita kwa upande wangu, likienda peke yake. Liliruka mtaro, likapita hatua chache kutoka kwa mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akiuza ndizi, likaliparaza fungu la ndizi zake na kusimama kwenye mgomba. Gari nalo likasimama. Hakuna aliyeumia. Mtoto wa mjomba alilia muda mrefu, na yule mama alikaa chini akashika kichwa, hakuweza kusema neno.

Mjomba alimwomba radhi, akamlipa ndizi zake. Kisha tukakaa kando ya barabara kungoja gari la kutuvuta. Hapo nikashindwa kunyamaza tena.

"Mjomba," nikasema, "zile nati za nyuma zilizunguka mara 5 tu. Za mbele zilizunguka mara 17. Nilihesabu."

Akanitazama kitambo. "Ulihesabu lini?"

"Siku ile ile, gereji."

"Mbona hukusema?"

"Niliona haya, Mjomba. Ninyi wakubwa mlikuwa mkizungumza."

Hakunikemea. Alisema tu, "Mpwa wangu, haya ni kitu chema, lakini haya haikazi nati. Siku nyingine niambie, hata ukinikuta na hasira." Maneno hayo yaliniingia kuliko viboko.

Gari lilipelekwa kwa fundi mwingine, mzee aliyefanya kazi hii miaka mingi, naye alitufundisha kama mwalimu. Alitoa ile habu akatuonyesha bolti zake tano: mbili zilikuwa zimekatika, na tatu zilikuwa zimekwanguka meno ya nchani. Akaniuliza kama najua kwa nini. Nikamwomba karatasi, tukapiga hesabu pamoja.

Bolti za gari hili zina unene wa milimita 12, na kila mzunguko mmoja wa nati husogea milimita 1.25. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati yapaswa kuishika bolti kwa urefu usiopungua unene wa bolti yenyewe. Basi 12 gawanya kwa 1.25 ni 9.6, yaani nati isipozunguka walau mara 10, haijashika. Bila spesa nati zilizunguka mara 17. Spesa ya milimita 15 hula mizunguko 15 gawanya kwa 1.25, ambayo ni 12. Ukitoa 12 katika 17 hubaki 5, kwa kuwa rimu zote mbili zina unene ulio karibu sawa mahali pa bolti. Hesabu hiyo ya mstari mmoja ingeweza kufanywa na mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza, nami niliye kidato cha nne nilikuwa na tarakimu zote kichwani.

Fundi mzee akaendelea. Watu wengi, alisema, hudhani kwamba gurudumu huning'inia juu ya bolti kama koti juu ya msumari. Sivyo. Kazi ya nati ni kuikandamiza rimu juu ya habu kwa kani kubwa sana, na msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio ushikao gurudumu lisiteleze. Bana vitabu viwili kwa nguvu kati ya viganja vyako, kisha mwambie mwenzako avute kimoja, hataweza. Legeza viganja kidogo, kitachomoka. Nati zilizoshika meno machache haziwezi kukandamiza sawasawa. Uchafu na kutu chini ya spesa hujibana na kuacha nafasi. Rimu huanza kucheza. Na kila mzunguko wa gurudumu huipinda bolti kidogo huku na huku, kama mtu akunjaye na kukunjua waya mpaka ukakatika. Ule mlio wa kok-kok ndio uliokuwa ukitangaza hayo.

Kulikuwa na kosa la pili. Habu ya Impreza ina shingo ya mviringo katikati, kipenyo chake milimita 56.1, ambayo tundu la rimu ya kiwandani huingia juu yake barabara na kukaa katikati bila kuyumba. Spesa ile nene iliifunika shingo yote, na yenyewe haikuwa na shingo yake. Tena tundu la katikati la zile rimu mpya lilikuwa milimita 73.1, kubwa mno. Hapakuwa na pete ya kuijaza nafasi hiyo. Hata tundu za bolti katika spesa zilikuwa ndefu kama mayai, ili ziingie katika magari ya namna nyingi: yale ambayo bolti zake tano zimepangwa katika duara la milimita 100, kama gari la mjomba, na yale ya milimita 114.3. Kitu kilichotengenezwa kumfaa kila mtu mara nyingi hakimfai yeyote.

Kosa la tatu lilikuwa la matairi, na lingeharibu gari polepole hata kama gurudumu lisingechomoka. Mbele yalikuwa matairi ya 215/45R17, na nyuma 235/45R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi kwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi la mbele lina kipenyo cha milimita 625.3, na la nyuma 643.3. Kwa hiyo katika kila kilomita moja tairi la mbele huzunguka mara 509 na la nyuma mara 495. Tofauti ni kama mizunguko 14. Kutoka Arusha mpaka Moshi, mwendo wa kilomita 80 hivi, magurudumu ya mbele yangezunguka zaidi ya mara 1,100 kuliko ya nyuma. Katika gari linalovutwa na magurudumu manne, tofauti hiyo yote hubebwa na difu ya katikati, ambayo imewekwa kwa ajili ya tofauti ndogo za kwenye kona, si kwa kazi ya safari nzima. Huchemka na kuharibika, na bei yake si mchezo.

La nne ni beringi. Sote tumesoma habari za wenzo: mtoto mdogo akikaa mwisho kabisa wa bembea ya ubao aweza kumwinua mkubwa aliyekaa karibu na katikati. Ukilisogeza gurudumu nje, uzito ni ule ule, lakini mkono wa wenzo umerefuka, na beringi hubeba mzigo wa kupindwa ambao haikupimiwa. Aidha gari likipakia watu na mizigo likapita tuta, mwili hushuka na fenda hukwangua tairi lililotoka nje. Tulipolitazama tairi la kulia, kweli tulikuta alama ya kukwanguliwa kuzunguka ubavu wake wote.

Je, basi, spesa ni haramu? Fundi mzee alisema hapana. Mtu akiwa na sababu ya haki, aweza kuzitumia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni bamba lenye shingo yake, pamoja na kubadilisha bolti za habu na kuweka ndefu zaidi, ili nati irudie mizunguko yake. Njia ya pili ni spesa nene yenye bolti zake yenyewe: hukazwa kwanza kwenye habu kwa nati zake, kisha rimu hukazwa juu ya bolti za spesa. Hii kwa kawaida haipungui milimita 20, na lazima kuhakikisha kwamba ncha za bolti za habu hazitokezi na kuisukuma rimu. Lakini njia iliyo bora kuliko zote ni kununua rimu yenye ofseti ifaayo tangu mwanzo, ili spesa isihitajiwe kabisa.

Kwa mtu atakayefanya kazi hii, nayaweka hapa kwa ufupi mambo niliyojifunza.

Kwanza, pima kabla ya kununua. Soma upana na ofseti nyuma ya rimu, upige hesabu ya ndani na ya nje kama nilivyoonyesha.

Pili, katika gari linalovutwa na magurudumu manne, matairi yote manne yawe na kipimo kimoja, na yawe yamelika sawasawa.

Tatu, safisha uso wa habu na wa rimu kwa brashi ya waya mpaka chuma kiwe kitupu. Tundu la katikati likiwa kubwa, weka pete yake.

Nne, hesabu mizunguko ya kila nati kwa mkono. Kwa bolti ya milimita 12 yenye meno ya 1.25, ikipungua 10, simamisha kazi.

Tano, kaza nati kwa mtindo wa nyota, si kwa kuzunguka duara, na tumia spana ya kupimia nguvu kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Kani ya newtoni 200 kwenye spana ya nusu mita ni newtoni-mita 100. Kumbe mtu mnene akisimama juu ya spana huweza kupita kipimo mara nyingi na kuivuta bolti mpaka ikadhoofika.

Sita, baada ya kilomita 50 hadi 100, kagua nati zote tena. Na ukisikia mlio wa kugonga, usiseme ni jiwe. Simama utazame.

Siku hizi gari la mjomba lina magurudumu yake manne ya kiwandani, yote sawa, na habu ya kushoto imewekewa bolti mpya tano. Spesa moja mjomba aliitundika kwa waya juu ya mlango wa banda lake la gari. Akiulizwa na wageni ni kitu gani, hunitazama mimi kwanza, kisha huwaeleza.

Nimeongeza jambo la saba ambalo halimo katika kitabu cha gari lolote. Twafundishwa nyumbani na shuleni kuwaheshimu wakubwa, na hivyo ndivyo ipasavyo. Lakini kumwambia mkubwa kwa adabu, "Shikamoo, samahani, naona hapa pana kasoro," si utovu wa heshima. Kila nipitapo Maji ya Chai nikirudi shuleni, huwatazama akina mama wanaouza ndizi kando ya barabara, na huhesabu kimoyomoyo mpaka 5.